Kisu cha Flenji Hakisuguliwi

4 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu kukupigia simu ni kazi bure. Mara ya mwisho nilikuambia nimepata kazi maabara, ukanijibu, "Pole sana, utapona." Mashine zimekula masikio yako, basi leo nashika kalamu.

Kazi ni nzuri. Tunapaka vioo utando wa madini, mwembamba mno hata jicho haliuoni. Tunaupaka ndani ya pipa la chuma ambalo hewa yake yote imenyonywa na pampu. Sasa Mkuu wa maabara anataka pipa la pili, na pipa linataka fitingi za stenlesi za kuunganishia mabomba: kipande cha bomba, kila upande flenji, yaani bamba la duara la kuungia, lenye matundu sita ya bolti. Siku zote ziliagizwa nje na kusubiriwa miezi mitano. Kwenye kikao nikanyoosha mkono kabla sijafikiri, nikasema, "Mjomba wangu anaweza." Watu kumi na wawili wakageuka kunitazama. Mkuu akasema, "Haya, alete sita tuzijaribu. Zikishika, themanini zote ni zake."

Michoro imo ndani ya bahasha. Usome vizuri ukurasa wa tatu. Nimeandika kwa kalamu nyekundu kwamba hizi ni fitingi za mfumo wa utupu mkubwa, kwa hiyo hata tundu la ncha ya sindano haliruhusiwi.

Mjomba, nimekutaja mbele za watu. Usiniangushe.

Mpwa wako,
Kipimo


9 Machi

Kipimo, mwanangu,

Marahaba. Barua yako imezua kizaazaa humu ndani. Aliyeifungua ni mkaza mjomba wako, maana miwani yangu sikuiona ilipo. Alisoma vizuri mpaka "utupu mkubwa", akaikunja barua, akaketi. "Huyu mtoto ameajiriwa wapi?" akaniuliza. "Watu wanakaa utupu, tena mkubwa, halafu anataka tuwachongee mabomba?" Nikamweleza kwamba utupu wa wataalamu ni mahali pasipo na kitu, hata hewa. Akasema basi waseme "ombwe" kama watu wenye adabu. Kuanzia leo kwetu ni ombwe. Ukiandika tena lile neno lingine, barua haisomwi.

Kazi nimeipokea kwa mikono miwili, tena nakwambia ukweli, imekuja wakati wake. Unajua kiwanda cha maziwa kimetuacha. Miaka thelathini mimi nakereza mabomba yao na mkaza mjomba wako anayasugua, halafu mwaka jana wakahamia plastiki, wakatuaga kwa barua ya mistari miwili. Tangu hapo mashine yangu ya kukereza imelala. Jamaa wa vyuma chakavu anapita kila wiki, anaizunguka na kuigongagonga, nami nilishaanza kumsikiliza. Sasa nimemwambia asubiri. Fitingi zako zikikubali, mashine inabaki na karakana inabaki. Zikikataa, namwita aje na lori lake, nami nikae barazani nihesabu wapita njia.

Mkaza mjomba wako ameanza kuimba tena anapofanya kazi. Mimi siwezi kumsikia, majirani ndio wameniambia.

Mjomba wako


26 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Boksi lilifika salama. Nililifungua mbele ya wote, na fitingi zilivyokuwa zinang'aa, Mkuu alijitazamia meno kwenye moja. Nilijisikia mrefu siku ile.

Lakini hazikushika. Tulinyonya hewa kuanzia asubuhi, geji ya kupimia hewa ikashuka kidogo ikagoma, kana kwamba tunateka maji kwa pakacha.

Ngoja nikueleze nilichokikuta. Kwenye uso wa kila flenji kuna ukingo wa mviringo, mwembamba na mkali. Sisi tunauita kisu. Kati ya flenji mbili tunaweka pete ya shaba, tunakaza bolti, visu vinazama ndani ya shaba kutoka pande zote mbili, na hewa inakosa pa kupita. Sasa pete nilizozitoa hazikuwa na hata alama ya kung'atwa. Nikachukua kioo cha kukuza. Mjomba, visu vyote kumi na viwili ni butu. Tena ni ubutu wa kupendeza, umezungushwa sawasawa kote. Mtu aliyefanya hivi hakuteleza, alikusudia. Nani alizigusa baada yako?

Mkuu ametupa nafasi moja zaidi.

Kipimo


31 Machi

Kipimo,

Nilijua jibu kabla sijaufikia mwisho wa barua. Kikulacho ki nguoni mwako. Baada ya mimi, kazi haiguswi na mtu mwingine ila mmoja.

Kwenye maziwa sheria ilikuwa hii: ukingo mkali ni mwiko. Maziwa hujificha hapo yakachacha, na waoshaji hukatwa vidole. Kwa miaka thelathini mkaza mjomba wako amepitisha ncha ya kidole juu ya kila kipande kilichotoka karakana hii, na palipokwaruza, alipalainisha. Amekutana na visu vyako kumi na viwili, bila shaka akasema, "Mzee siku hizi hamalizi kazi," akanimalizia.

Sasa nisikilize vizuri. Usimwambie. Barua yako nimeificha, naye nimemwambia kwamba mkono wangu uliteleza. Kiwanda kilipotuacha hakulia, lakini alikaa miezi akisugua masufuria ambayo tayari ni safi. Ilikuwa kana kwamba wamemwambia mikono yake haina kazi duniani. Leo nikamwambie kwamba mikono hiyohiyo ndiyo iliyoharibu kazi ya mpwa wake? Siwezi. Mwanamume kuteleza mkono si neno.

Nitakereza sita nyingine. Nitazifunga mwenyewe kwenye boksi kabla hajazitia machoni.

Mjomba wako


2 Aprili

Mwanangu Kipimo,

Mjomba wako haijui barua hii. Nimeaga naenda kununua sabuni, na sabuni nimenunua kweli, ili nisiwe mwongo wa moja kwa moja.

Ameniambia fitingi zako zilikataliwa kwa sababu mkono wake uliteleza. Tumeoana miaka thelathini na moja, mkono ule sijauona ukiteleza. Ni macho, mwanangu. Namba za mashine anazisoma kwa kunusa. Juzi aliitafuta miwani robo saa nzima huku ameivaa. Hataki nijue, nami najifanya sijui, kwa sababu nikitamka tu ataliita lile lori siku hiyohiyo. Mashine ile ikiondoka, yeye atabaki na nini? Sitaki kumwona barazani akihesabu watu.

Sasa amenikataza kuigusa kazi mpya. Anasema ataifunga peke yake. Mtu mzima anaficha kazi yake anapojua ina kasoro. Nimeumia, lakini sikumwonyesha.

Nakuomba umtetee kwa Mkuu wako. Mimi huku nitajua la kufanya. Na hili libaki baina yetu, tafadhali.

Mkaza mjomba wako


18 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Zimekataa tena.

Visu ni butu kuliko mara ya kwanza. Boksi lilikuwa limefungwa kwa utepe, na juu ya utepe huo palikuwa na utepe mwingine. Ndani nimekuta uzi wa njano wa kitambaa cha kusugulia. Sihitaji kusema zaidi.

Mkuu alisema basi, tuagize nje. Nikamwomba mara ya tatu, mbele ya watu walewale kumi na wawili. Ametupa mpaka tarehe ishirini Mei. Baada ya hapo hataki tena kusikia neno "mjomba" kwenye kikao chake.

Niruhusu nimwambie ukweli mkaza mjomba. Kimya chetu ndicho kinachozisugua hizi flenji.

Kipimo


22 Aprili

Kipimo,

Hapana.

Jamaa wa vyuma chakavu nimemwita aje tarehe thelathini. Afadhali mashine iondoke kuliko mkaza mjomba wako ajue kwamba ameharibu mara mbili, tena kwa mapenzi. Chuma kinauzika. Wewe hujaolewa, mambo haya huyajui bado.

Samahani kwamba nimekuangusha mbele ya watu wako. Hilo linaniuma.

Mjomba wako


23 Aprili

Mwanangu,

Leo nimeaga naenda kununua kiberiti.

Mimi sielewi. Mjomba wako alipolala mchana nililifungua lile boksi lake, nikapitia kila fitingi kwa saa mbili nzima. Alikuwa ameacha makali kila mahali, maskini! Nikayaondoa yote, mpaka ukipitisha kidole ni kama unagusa shavu la mtoto. Nikarudisha utepe, akaamka, hakujua. Halafu leo ananiambia zimekataliwa tena na lori linakuja tarehe thelathini.

Macho yake yameharibika kiasi gani, hata mikono yangu ishindwe kumwokoa? Niambie ukweli. Wewe ni mtoto wetu, huwezi kunificha.

Mkaza mjomba wako


25 Aprili

Mjomba na mkaza mjomba,

Shikamooni. Hii ni barua ya wote wawili. Mama, isome kwa sauti, ile unayomwitia chai. Mjomba, kaa chini, na usijifanye husikii.

Mficha uchi hazai. Mniwie radhi kwa neno, lakini nimechoka kuwa sanduku la siri za watu wawili wanaolala kitanda kimoja.

Mkaza mjomba, makali yale hayakuwa kasoro. Yaliwekwa makusudi. Yamo kwenye ukurasa wa tatu wa mchoro, ukurasa ambao nadhani hukuoneshwa. Ni kisu cha kuing'ata pete ya shaba, na bila kisu hakuna ombwe. Aliyevilainisha ni wewe, mara zote mbili. Hukujua, na wa kulaumiwa si wewe. Ni mimi na Mjomba, tulijua tukanyamaza.

Mjomba, ulinikataza kusema na nimesema. Ulijisingizia mkono ili yeye asiumie. Matokeo yake ameumia zaidi, kwa sababu anaamini macho yako yamekwisha, akaenda kukusahihishia kwa siri. Alinunua sabuni na kiberiti ili aniandikie. Mnalindana mpaka mnabomoa karakana.

Sasa nina ombi, Mama, na si la kukupoza moyo. Ndani ya bomba ndiko kwenye shida nyingine. Palipo na mikwaruzo hewa hujishika hapo, hatuwezi kuitoa hata kwa siku tatu. Fitingi za kutoka nje hazijawahi kuwa laini ndani kama zenu. Ndani, sugua mpaka mkono ukatae. Kisu, usikitazame hata kwa jicho baya.

Nawapenda. Lori lisipakie kitu.

Kipimo


30 Aprili

Mwanangu,

Leo sikuaga naenda kununua chochote. Nimekaa mezani mchana kweupe, naandika huku mjomba wako ananitazama.

Barua yako niliisoma kwa sauti kama ulivyotaka. Nilipofika "aliyevilainisha ni wewe" niliishia hapo. Nikaiweka chini, nikaenda karakanani, nikachukua flenji ya akiba iliyobaki kwenye kazi ya pili, nikapitisha kidole. Kali kweli. Kidole kikajibu chenyewe: hapa pasuguliwe. Ndipo nilipokuelewa, nikacheka peke yangu, kisha nikalia kidogo, kisha nikacheka tena.

Nikarudi nikamuuliza, "Yaani ulikuwa unauza mashine ili mimi nisijue nimekosea?" Akajifanya hasikii. Nikauliza mara ya pili, jirani akajibu kutoka kwake, "Ndiyo mama, hivyo ndivyo alivyosema mpwa wenu!" Mjomba wako akashindwa, akainamisha kichwa, akasema ndiyo. Nimemwambia asinihurumie tena bila ruhusa yangu.

Lori lilikuja saa nne. Nilimpa jamaa chai, kisha nikamwambia mashine ina kazi, aende na Mungu. Aliiangalia mashine kwa huzuni kama mchumba aliyekataliwa.

Sasa nimekata vifuniko vya mbao laini, vinakaa juu ya kila kisu wakati nasugua ndani, na juu ya kila kifuniko nimeandika kwa wino mweusi: USIGUSE. Najiandikia mwenyewe, maana kidole changu nakijua.

Mkaza mjomba wako


19 Mei

Mjomba na mkaza mjomba,

Shikamooni. Naandika nikiwa bado nimevaa glavu moja.

Nilizifunga fitingi zote sita asubuhi. Nilikaza bolti moja, nikaenda ya upande wa pili, nikarudi, kidogo kidogo, huku nikisikia shaba inavyokubali kupitia spana. Pampu ikawashwa. Geji ikashuka. Ilipofika pale ilipogoma Machi, nilifumba macho. Mtu akanigusa bega akasema, "Fungua, imepita."

Kisha wakapitisha gesi nyepesi kuzunguka kila kiungo, na mashine ya kunusa ikasubiri upande wa ndani. Ingekuwa na pengo la unywele, ingelia. Ilikaa kimya kutoka kiungo cha kwanza hadi cha mwisho. Sijawahi kupenda kimya kama kile.

Jioni Mkuu alifungua kiungo kimoja mwenyewe, akaitoa pete. Alama ya kisu imezunguka shaba nzima, haikukatika popote. Akachungulia ndani ya bomba, akauliza, "Huku ndani nani amesugua?" Nikasema mkaza mjomba. Akasema, "Kumbe tuna mkaza mjomba pia," akatia saini. Themanini, Mjomba! Themanini!

Kuna fomu moja tu imebaki. Ina nafasi ya fundi mmoja anayehusika na kazi. Niandike nani?

Kipimo


24 Mei

Kipimo,

Maneno ni ya mjomba wako, mwandiko ni wangu. Anasimama katikati ya chumba na kupaza sauti kama vile uko ng'ambo ya barabara.

Anasema: andika wawili. Kama fomu haina nafasi, chora nafasi.

Anasema kuna jambo hukuwahi kuambiwa. Mkaza mjomba wako alisema tatizo ni macho yangu, nawe ukadhani anakosea kwa sababu vipimo vyangu ulivikuta sawa. Hakukosea. Kabla ya kupata zile sita za kwanza niliharibu kumi na moja. Nilizificha chini ya meza na kuzifunika gunia. (Nilizijua. Nafagia mle kila siku.)

Anasema: mara ya tatu sikujificha. Yeye alisimama upande wa namba akanisomea, mimi nikazungusha mkono wa mashine. Ilibidi apige kelele kwa sababu ya masikio yangu, na sasa mtaa mzima unajua kipenyo cha flenji zako. Lakini tulikereza sita, na zote sita zilikubali.

Anasema: mimi nilikuwa tayari kuuza mashine ili asihuzunike, naye alikuwa tayari kudanganya mpaka posta ili nisihuzunike. Wapumbavu wawili. (Amesema mmoja. Nimesahihisha.)

Anasema kazi ya themanini imeanza leo asubuhi na tumeshamaliza mbili, na umwambie Mkuu wako asituharakishe, tunafanya kwa jozi moja ya macho na jozi moja ya masikio.

Kisha amesema jambo juu yangu. Amelisema polepole, bila kupiga kelele, yeye ambaye hata sauti yake mwenyewe haisikii sawasawa. Akaniangalia, akauliza kama nimeliandika. Nimemwambia ndiyo.

Sijaliandika, mwanangu. Hilo ni langu.

Mjomba wako na mkaza mjomba wako